Wasomaji Wanauliza: Siwa, Bendera na Majumba ya Dola

Barua za safari hii zimetoka mbali na karibu, Njombe hadi Muscat, lakini zote zinagusa vitu ambavyo dola huvitumia kujitambulisha: fimbo, kitambaa, kiti, kuta. Pale msomaji anapotaka kufanya kazi kwa mikono yake tumejibu kirefu. Pengine jibu ni fupi, na tumeliacha fupi. Sisi tunaamini kwamba alama ya dola hupata nguvu kwa utaratibu unaoizunguka kuliko kwa dhahabu au marumaru iliyomo ndani yake, na msomaji ataona tunarudi hapo mara kwa mara.

Ndugu mhariri, kila kikao cha Bunge kinapoanza namwona mtu amemtangulia Spika, begani ana kitu kama rungu la kung'aa. Wanakiita siwa. Lakini marehemu babu, mtu wa Lamu, alikuwa akituambia siwa ni baragumu. Nani amekosea? Na lile rungu lina kazi gani hasa?
— Msomaji, Tanga

Babu yako hakukosea. Siwa ya asili ya pwani ni baragumu kubwa la heshima, la pembe ya ndovu au la shaba, lenye tundu la kupulizia ubavuni wala si nchani. Lilisikika mtawala anapotawazwa na katika shughuli za jamaa zenye nasaba. Mbili zinajulikana sana: siwa ya Pate, ya pembe ya ndovu, na siwa ya Lamu, ya shaba. Unguja nako Mwinyi Mkuu alikuwa na siwa yake na ngoma zake, na vitu hivyo vilikuwa sehemu ya utawala wake. Kwa hiyo Bunge lilipohitaji jina la Kiswahili la fimbo ya Spika, neno lilikuwa linangoja: kitu ambacho kikiwapo, mamlaka yapo. Mlio ukaachwa, maana ikachukuliwa. Sisi tunaliona ni mojawapo ya majina yaliyochaguliwa vizuri kabisa katika lugha ya serikali yetu.

Fimbo yenyewe kwa umbo lake ni ya Kiingereza. Ilianza kama rungu la vita mikononi mwa walinzi wa mfalme, kichwa kikawa kinapambwa mwaka hadi mwaka mpaka silaha ikasahaulika. Ile ya Bunge la Makabwela la London ni ya fedha iliyopakwa dhahabu, urefu wake unakaribia mita 1.5, na ni ya enzi za Mfalme Charles II, karne ya 17. Anayeibeba kwetu huitwa Mpambe wa Bunge.

Ukitaka kuisoma siwa kwenye televisheni, tazama imekaa wapi. Katika desturi ya London, ikiwa juu ya meza, Bunge linakaa na Spika yuko kitini. Bunge likigeuka kuwa kamati ya wabunge wote, anayeongoza anakuwa mwenyekiti badala ya Spika, na siwa huteremshwa kwenye vishikio vilivyo chini ya meza. Isipokuwapo kabisa, Bunge halina uwezo wa kujadili wala kupitisha chochote. Ndiyo maana mbunge akitaka kupinga kwa kishindo huikimbilia. Mwaka 1976 Michael Heseltine aliinyanyua wapinzani wake walipokuwa wakiimba baada ya kushinda kura, na tarehe 10 Desemba 2018 Lloyd Russell-Moyle aliibeba akaanza kutoka nayo katika mjadala wa kujitoa Umoja wa Ulaya. Huyo wa pili alitolewa nje kwa siku ile. Karne tatu na nusu kabla yao, mwaka 1653, Oliver Cromwell alipowafukuza wabunge kwa askari, aliamuru siwa iondolewe ukumbini: alijua kwamba kufunga mlango peke yake hakutoshi.

Wamarekani wana yao pia, ingawa walikataa ufalme. Ya kwanza iliteketea Waingereza walipochoma jengo la Bunge mwaka 1814. Ya sasa ilitengenezwa na William Adams mwaka 1841: fimbo 13 nyembamba za abunusi, idadi ya makoloni yaliyoanzisha nchi, zimefungwa pamoja kwa mikanda ya fedha, na juu yake tufe la dunia na tai aliyekunjua mbawa. Baraza la Wawakilishi likikaa, huwekwa kwenye nguzo ndefu ya marumaru ya kijani kuliani kwa Spika. Likiwa kamati, huhamishiwa nguzo fupi. Mbunge anayechelewa akiingia anatupa jicho kwenye nguzo, na hana haja ya kuuliza.

Hapa Minneapolis mwalimu wa mwanangu amewaambia watoto kwamba White House ilipakwa rangi nyeupe kuficha moshi baada ya Waingereza kuichoma. Ni kweli?
— Mama wa wanafunzi wawili, Marekani

Si kweli, mama, ingawa hadithi hiyo imeenea sana. Jengo lilichomwa kweli, tarehe 24 Agosti 1814, lakini weupe ulitangulia moto kwa miaka 16. Kuta ni za jiwe la mchanga lililochimbwa Aquia, Virginia, na watumwa wakiwamo miongoni mwa waliolichimba. Jiwe hilo hunywa maji. Majira ya baridi maji yaliyomo ndani ya jiwe huganda, barafu hutanuka, na jiwe huchubuka vipande vipande. Ndiyo sababu mwaka 1798 mafundi walipaka chokaa kuziba vinyweleo vya jiwe. Watu wakaanza kuliita kwa rangi yake, na mwaka 1901 Rais Theodore Roosevelt akalifanya jina hilo kuwa rasmi kwenye barua za ofisi yake. Leo kuipaka nje yote kunahitaji rangi inayokaribia lita 2,150.

Kisa cha jengo hilo kinachostahili zaidi kufundishwa watoto ni cha 1948. Mguu wa piano ya Margaret, binti wa Rais Truman, ulitoboa sakafu. Wahandisi walipofungua wakakuta mihimili ya mbao imekatwakatwa kwa miaka mingi kupitisha mabomba na nyaya, na juu yake mwaka 1927 ilikuwa imeongezwa ghorofa nzito ya zege na chuma. Nyumba nzima ilitolewa matumbo, kuta za nje zikaachwa zimesimama, ndani ukajengwa upya uti wa mgongo wa chuma hadi 1952. Kila fundi anayetoboa boriti ili apitishe bomba la maji akumbuke piano ile.

Mimi ni mtendaji wa kijiji. Tumechangishana tukapata mlingoti mpya wa bomba wa mita 6. Naomba mnielekeze bendera ya ukubwa gani inafaa, kamba gani, na hasa namna sahihi ya nusu mlingoti, maana kila msiba wa kitaifa tunabishana. Upepo wa huku ni mkali.
— Mtendaji, Njombe

Tuanze na ukubwa. Urefu wa bendera, yaani ule upande unaopepea, uwe kati ya robo na theluthi ya mlingoti. Kwa mita 6 hiyo ni sentimita 150 hadi 200. Bendera ya Tanzania ina uwiano wa 2 kwa 3, kwa hiyo machaguo yenu ni sentimita 100 kwa 150 au 120 kwa 180. Kwa upepo wa Njombe chukueni ndogo: kitambaa kikubwa huvuta mlingoti kama tanga, na bomba jembamba hupinda pale linapoingia kwenye zege.

Kitambaa kiwe poliesta iliyofumwa. Pamba hunywa maji, ikawa nzito, ikajikunja kwenye bomba siku nzima. Nailoni ni nyepesi na hupepea hata kwa upepo mdogo, lakini kwenu huko itachanika mapema. Kabla ya kulipa, geuzeni upande wa mwisho, ule ulio mbali na mlingoti, mhesabu mistari ya cherehani kwenye pindo. Mstari mmoja hautoshi. Tafuteni yenye mitatu au minne, kwani bendera hufia hapo.

Kamba iwe ya kusukwa, ya poliesta, unene wa milimita 6 hadi 8. Katani ni mali yetu lakini hapa haifai: hunywa maji, hufupika, huoza juu msipoiona. Urefu wake ni mara mbili ya mlingoti na mita 2 za mafundo, yaani mita 14. Ipitisheni kwenye kapi la juu, kisha ncha zote mbili zifungwe kwenye bendera, moja pembe ya juu na moja pembe ya chini, ili kamba iwe mzunguko mmoja usiokatika. Kosa tunalolisikia mara nyingi ni kuifunga bendera pembe ya juu tu na kuacha ncha nyingine ikining'inia. Siku upepo unapoinyakua hupanda mpaka kwenye kapi, na hapo inabidi kumtafuta kijana wa kukwea. Msiivute bendera mpaka pembe yake ibane ndani ya kapi. Acheni nafasi ya vidole vinne.

Ipi ni juu? Kijani kiwe juu upande wa mlingoti, bluu iwe chini upande wa mwisho. Msiutumie mstari mweusi kama kipimo, kwa sababu bendera ikipinduliwa juu chini ule mstari huelekea vile vile, kutoka chini kwenye mlingoti kwenda juu. Huo ndio mtego unaowanasa watu wazima wenye nia njema. Kwa majirani zetu wa Kenya ni rahisi zaidi, nyeusi juu na kijani chini.

Sasa nusu mlingoti. Bendera haipandishwi moja kwa moja mpaka katikati na kuachwa. Inapandishwa kwanza hadi kileleni, inatulia kidogo, kisha inateremshwa polepole hadi mahali pake. Jioni kabla ya kuishusha inapandishwa tena hadi kileleni, ndipo inateremshwa moja kwa moja. Kupanda kileleni ndiko kunakoonyesha kwamba bendera ina hadhi yake kamili na imeinama kwa heshima. Ikiishia njiani, itaonekana kama kamba imekwama tu.

Mahali pake ni wapi? Hapa ndipo mabishano yenu yanapotoka, kwa kuwa nchi zinatofautiana. Wamarekani huiweka katikati hasa. Mwongozo wa Uingereza unataka theluthi mbili kutoka chini, na nafasi tupu iliyo juu isipungue kimo cha bendera yenyewe. Wilaya ikiwa imewapa kipimo, fuateni hicho. Kama haikutoa, sisi tunapendelea hiki cha theluthi mbili kwa milingoti mifupi, maana ikikaa katikati ya mita 6 watoto wataifikia pindo. Kwenu ukingo wa juu wa bendera utakuwa mita 4 kutoka ardhini, wa chini mita 3, na juu mtabaki na mita 2 tupu. Pimeni siku ya utulivu, kisha shoneni uzi mwekundu kwenye kamba mahali panapolingana na kishikio cha chini mnapofungia kamba. Msiba ukitokea, anayepandisha anateremsha mpaka uzi ufike kwenye kishikio. Ubishi umekwisha.

Mlingoti uliolala, kama ule unaochomoza ukutani mwa ofisi, hauwezi kuwa na nusu. Hapo bendera huondolewa kwa siku hizo. Ikiwa kuna bendera ya mgeni karibu, msiiteremshe ya nchi nyingine bila idhini ya wenyewe. Na msianze kuteremsha kwa sababu mmesikia habari redioni. Subirini tangazo la serikali, litawapa na idadi ya siku.

Pindo likianza kufumuka, lishoneni wiki hiyo hiyo. Ukisubiri, itabidi ukate, na ukikata sentimita 10 kutoka kwenye 150 uwiano wa 2 kwa 3 umekwenda. Osheni kwa maji baridi na sabuni laini, msikamue, anikeni kivulini ikiwa imetandazwa ili weusi usivujie njano. Ikichakaa isigeuzwe kitambaa cha kufutia meza. Ipelekeni wilayani mpewe maelekezo.

Assalaam alaykum. Mbona kwenye misiba ya viongozi bendera zote hushuka nusu na ya Saudi Arabia hubaki juu? Wenzangu kazini wanasema ni kiburi.
— Mwenye asili ya Unguja, Muscat

Waalaykum salaam. Si kiburi. Bendera ile imebeba shahada, na Wasaudi hawaoni sawa kuiteremsha kwa ajili ya kifo cha kiumbe yeyote. Kwa sababu hiyo hiyo hushonwa vitambaa viwili mgongo kwa mgongo, ili maandishi yasomeke kuanzia kulia pande zote mbili. Ukiona inayosomeka kinyumenyume upande wa pili, ujue imechapwa kwa bei rahisi.

Nawe uliye Muscat utapenda jambo hili: bendera ya Oman ilikuwa nyekundu tupu hadi 1970, sawa na iliyopepea Unguja chini ya masultani. Unguja iliongeza duara la kijani lenye karafuu mbili ilipopata uhuru Desemba 1963, na haikudumu mwezi na nusu. Oman ikaongeza nyeupe, kijani, na jambia juu ya panga mbili, ikabakiza wekundu wa zamani upande wa mlingoti.

Nasoma sheria Dodoma. Kwa nini mabunge mengine wabunge wanatazamana kama timu mbili na mengine wanakaa nusu duara? Ni urembo tu au kuna sababu?
— Mwanafunzi, mwaka wa pili

Kuna sababu, na mwanasheria anafaa kuijua kwa sababu umbo la ukumbi huathiri namna ya kubishana.

Umbo la kutazamana lilianza kwa bahati. Makabwela wa London walipewa kanisa dogo la Mtakatifu Stephen katika jumba la Westminster, wakakaa kwenye viti vya waimbaji vilivyopangwa pande mbili. Jumba hilo liliungua tarehe 16 Oktoba 1834, na chanzo kinasikitisha. Hazina ilikuwa na marundo ya vijiti vya mbao vilivyokatwa alama, vilivyotumika zamani kuhesabia madeni na kodi. Havikuhitajika tena, wakaamua kuvichoma katika majiko ya kupashia joto chini ya Bunge la Malodi. Mbao kavu nyingi mno, dohani zikapata moto kupita kiasi, jioni jumba likawaka. Jipya lilijengwa na Charles Barry, mapambo yakiwa ya Augustus Pugin.

Ukumbi wa Makabwela ulibomolewa tena kwa mabomu ya Wajerumani Mei 1941. Hapo walikuwa na nafasi ya kujenga upya kwa umbo lolote. Churchill alishikilia urudi ulivyokuwa, wa mstatili na mdogo, ukafunguliwa 1950. Hata leo una nafasi za kukaa 427 kwa wabunge 650. Hoja yake ilikuwa kwamba ukumbi mkubwa huwa nusu tupu siku nyingi na mjadala hupoa. Ukiwa mdogo, siku nzito watu husimama vijiani na kila mmoja huhisi uzito wa jambo. Tena, ukumbi wa mstatili humlazimu anayebadili msimamo kuvuka zulia mbele ya macho ya wote, wakati katika nusu duara anaweza kusogea kiti kimoja kimoja bila mtu kushtuka. Kupiga kura nako ni kwa miguu: kengele hulia, wabunge wana dakika 8 kabla milango kufungwa, wanaokubali wanapita ushoroba wa kulia na wanaokataa wa kushoto, huku wakihesabiwa.

Nusu duara ni la Ufaransa ya mapinduzi, na limetuachia neno ambalo Waswahili tunalitumia kila siku bila kujua lilikotoka. Mwaka 1789, katika mjadala wa kama mfalme apewe kura ya kuzuia sheria, waliomuunga mkono walijikusanya kuliani kwa mwenyekiti na waliompinga kushotoni. Mrengo wa kulia na wa kushoto ndio hao. Kwenye nusu duara vyama vingi vinapata mahali pa kukaa bila kulazimika kuwa serikali au upinzani, kwa hiyo nchi zenye serikali za muungano hulipenda.

Ukipata nafasi chunguza milango pia. Tarehe 4 Januari 1642 Charles I aliingia mwenyewe ukumbini na askari kuwakamata wabunge watano, akakuta wametoroka. Tangu hapo hakuna mfalme wala malkia aliyekanyaga ukumbi wa Makabwela wakiwa kikaoni. Kila ufunguzi wa Bunge, mjumbe wa mfalme hufungiwa mlango usoni, akagonga mara tatu kwa fimbo yake nyeusi, ndipo afunguliwe.

Nimesikia Ghana kuna kiti cha enzi ambacho mfalme mwenyewe hakikalii. Sasa ni cha nini?
— Msomaji, Bujumbura

Ni Sika Dwa Kofi, Kiti cha Dhahabu cha Waasante. Mapokeo yanasema kiliteremshwa kutoka mbinguni na Okomfo Anokye kwa ajili ya Osei Tutu, karibu mwaka 1700, na ndani yake imo roho ya taifa zima, waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Ndiyo maana hakikaliwi na hakigusishwi ardhi. Kina kiti chake chenyewe cha kukilaza.

Machi 1900 gavana wa Kiingereza, Frederick Hodgson, alisimama Kumasi akadai aletewe kiti hicho akikalie. Aliona ni samani ya mfalme. Yaa Asantewaa, mama malkia wa Ejisu, aliongoza vita, akakamatwa na kupelekwa Shelisheli, akafia huko 1921. Kiti hakikupatikana. Ikulu ya Accra, Jubilee House, imejengwa kwa umbo la kiti cha Kiasante, na sasa unajua kwa nini.

Nyinyi wa Burundi mna ndugu yake, ngoma Karyenda, iliyokuwa katikati ya bendera yenu tangu uhuru wa 1962 hadi ufalme ulipoondolewa 1966. Bendera ya leo ina nyota tatu mahali hapo.

Naja Berlin kumtembelea dada. Je, naweza kuingia Bunge la Ujerumani bila kujuana na mtu?
— Msomaji, Arusha

Unaweza, na ni bure. Jiandikishe mapema kwenye tovuti ya Bunge hilo kwa majina na tarehe za kuzaliwa za wote mnaokwenda, kama yalivyo kwenye pasipoti. Siku yenyewe beba pasipoti halisi, nakala haitoshi, na ufike kabla ya muda kwa ajili ya ukaguzi. Majira ya joto nafasi hujaa haraka, hivyo usisubiri ufike.

Juu utakuta kuba la kioo la Norman Foster lililofunguliwa 1999, upana mita 40, kimo mita 23.5, lenye njia mbili za mzunguko za kupandia. Katikati pana koni ya vioo 360 inayotupa mwanga wa jua chini ukumbini, na ndani yake ndimo hewa moto ya ukumbi inamotolewa. Angalia chini: wananchi wanatembea juu ya vichwa vya wabunge wao, na hilo lilikusudiwa. Ukipata ziara ya ndani, omba kuoneshwa maandishi ya makaa ya askari wa Kisovieti ya mwaka 1945. Yameachwa ukutani makusudi.

Beit al-Ajaib ilisimama miaka zaidi ya 130, ikapona hata mizinga ya Waingereza. Ilikuwaje ianguke yenyewe? Nauliza kwa sababu nina nyumba ya urithi Mji Mkongwe na kuta zimeanza kutoa jasho.
— Msomaji, Unguja

Tunakushukuru kwa kuuliza mapema. Sultani Barghash aliijenga 1883 kwa ajili ya sherehe za dola, ikawa ya kwanza kwa umeme na lifti katika ukanda wetu. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Kiingereza zilipiga eneo la kasri kwa dakika zisizofika 45. Beit al-Hukm iliyokuwa jirani iliharibika isifae tena, Beit al-Ajaib ikabaki. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katikati ya matengenezo yaliyofadhiliwa na Oman, sehemu ya mbele iliporomoka na kuua.

Nyumba za Mji Mkongwe zina adui mmoja mkubwa, maji. Ukuta ni matumbawe na udongo uliochanganywa na chokaa, nao hupumua: unanywa unyevu na kuutoa. Mvua ikiingia kwa paa lililopasuka au bomba la mvua lililoziba, hushuka ndani ya ukuta, huosha chokaa, na ukuta unaobaki ni mawe yaliyopangana bila kitu cha kuyashika. Boriti za mikoko huoza kwanza pale zilipoingia ukutani, ambapo huzioni. Penye mihimili ya chuma, chumvi ya bahari huleta kutu, kutu huvimba, na ukuta hupasuka toka ndani.

Jasho la kuta zako huenda limetokana na saruji. Watu wengi huona lipu ya chokaa inabanduka, wakaiondoa na kupiga saruji ili idumu. Saruji haipumui. Unyevu unafungwa, unapanda juu, unatokeza mahali pengine na chumvi yake. Panda darini kwanza, ziba paa, zibua mabomba yote ya mvua. Kisha bandua saruji kipande cha mita moja karibu na sakafu uone hali ya mawe. Toboa ncha za boriti kwa msumari mrefu: ukizama bila kugongwa, boriti imekwisha, na chumba hicho kiegemezwe kwa nguzo kabla ya kazi nyingine yoyote. Lipu mpya iwe ya chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa na mchanga usio wa bahari, ipigwe tabaka nyembamba, kila moja ikauke kivulini huku ikinyunyiziwa maji. Kabla hujaondoa hata jiwe moja pita Mamlaka ya Mji Mkongwe upate kibali, na uwaombe fundi anayejua chokaa.